Pilau ya Tashkenti

Kisa hiki nimemsimulia mke wangu peke yake, hapa Sharpstown, mtaani kwetu Houston, na hakucheka.

Mwezi uliopita kazi ilinipeleka Tashkenti, mji mkuu wa Uzbekistani. Asubuhi ya pili nikanusa pilau. Sisi watu wa Mombasa kwa pilau pua haitudanganyi. Nikafuata harufu mpaka kwenye ukumbi uliojaa wanaume mezani, sufuria kubwa ajabu uani. Nikajua ni hoteli. Mlangoni bwana mmoja aliweka mkono kifuani, akasema, "Marhamat." Nikaona hawa ni watu wa rehema, nikaingia.

Nikala sahani mbili. Nikapiga picha. Nikamwonyesha mpishi dole gumba, nikamwomba kwa ishara anifungie nyingine ya kubeba. Hakuna aliyekuwa akicheka mle ndani, wala kuongea kwa sauti. Mimi nikasema, hawa wanaheshimu chakula.

Yule bwana wa mlangoni akaja kuketi kando yangu, akaniuliza kwa Kiingereza nimetoka wapi.

"Houston, Teksasi," nikajibu, mdomo umejaa.

Machozi yakamtoka. Akanikumbatia mbele ya watu wote.

"Umetoka Amerika kuja kwenye msiba wa baba yangu? Wewe na marhum mlijuana wapi?"

Marhum. Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Baba yangu mwenyewe alizikwa Mombasa mimi niko Houston, nasubiri makaratasi ya uhamiaji.

Kabla sijafungua mdomo, mpishi akaniletea mfuko wangu wa kubeba.