Nyuzi Mbili za Mama Shiku

Pale kwenye bomba la maji, Sally aliutua mtungi wake na kumvuta Muhonja kando.

"Umesikia? Mama Shiku analipwa na Mugo wa duka."

"Analipwa kwa kazi gani?"

"Si ya kumpelekea wateja! Mimi nimemuuliza mara tatu, unga nikanunue wapi. Mara tatu ananiambia, 'Nenda kwa Mugo.' Na kila mtu anajua duka la jumla huko Jogoo Road wako chini shilingi ishirini kila pakiti. Yule mama anakula na Mugo, nakwambia."

Muhonja alicheka kidogo tu, maana mtoto wake Laban alikuwa amelala mgongoni. Lakini maneno yale yalimkaa. Yeye mwenyewe alikuwa amepanga kwenda kwa Mama Shiku siku hiyo hiyo, na swali lake lilikuwa hilo hilo la unga.

Muhonja alikuwa akikaanga mandazi karibu na lango la ploti walikopanga, mtaa wa Mbotela. Kila wiki alikanda pakiti nane za unga wa ngano, na kila Jumamosi alitakiwa kuweka kando mia tano, mchango wake kwenye kodi ya nyumba. Tangu Mugo apandishe bei ya unga kutoka mia moja sitini hadi mia moja sabini, mia tano hazikufika tena. Zilifika mia nne na ishirini, basi. Baba Laban, aliyekuwa akifanya vibarua viwandani, hakuwa mtu wa makelele. Alisema tu, "Mwisho wa mwezi tukiwa bado hivi, mtoto aende kwa nyanya yake Vihiga, na wewe tukutafutie kazi ya kufunga biskuti kiwandani." Laban alikuwa na miezi minane. Bado alishika sikio la mama yake akinyonya.

Mama Shiku, ambaye jina lake ni Wangeci, alishona sare za shule mlangoni mwa nyumba yake. Mguu wa kulia ulimsumbua, kwa hiyo dunia yake ilikuwa pale kwenye cherehani na yeyote aliyepita mbele yake. Shule aliiacha kidato cha pili karo ilipokatika, lakini hesabu haikumwacha, na majirani walimletea maswali yao ya bei. Ukutani alikuwa ameweka kipande kikubwa cha katoni, na juu yake nyuzi mbili zimenyooshwa kwa pini, moja nyekundu, nyingine ya samawati.

"Karibu, Mama Laban. Mlete huyo kijana nimpime suruali ya chuo kikuu."

"Bado hajaota meno, Mama Shiku."

"Vitambaa vinapanda bei. Apimwe mapema."

Muhonja aliketi, akamweleza habari ya pakiti nane. Hakusema la Baba Laban, lakini macho yake yalipokwenda kwa mtoto, Wangeci aliacha kukanyaga cherehani.

"Angalia hapa. Huku chini ni pakiti. Huku kwenda juu ni pesa. Uzi mwekundu ni Mugo. Unaanzia kwenye kona, kwa sababu usiponunua kitu hulipi kitu. Kila pakiti unapanda mia moja sabini." Kwa chaki ya kukatia nguo aliandika kando ya uzi: y = 170x. "Huu wa samawati ni duka la jumla. Wao ni mia moja hamsini. Lakini ona unaanzia wapi."

"Juu."

"Kwa nini juu?"

Muhonja alifikiri. Laban alinyoosha mkono kuzishika pini, mama yake akamrudisha.

"Mkokoteni," alisema.

"Ndiyo hiyo! Kabla hujapata hata pakiti moja, mia mbili za mkokoteni zimeshatoka." Akaandika: y = 150x + 200. "Huyu anaanza juu lakini anapanda polepole. Mwekundu anaanza chini lakini anapanda kwa fujo. Wanakutana wapi?"

Muhonja alifuata nyuzi kwa kidole. Kumi. Kwenye pakiti kumi, kote ni elfu moja mia saba.

"Chini ya kumi, Mugo. Juu ya kumi, jumla. Wewe na nane zako, kwa Mugo ni elfu moja mia tatu sitini. Huko kwingine ni elfu moja mia nne. Nisamehe, mwanangu. Baki kwa Mugo."

Kumbe ndiyo sababu Sally aliambiwa aende kwa Mugo. Sally alinunua pakiti tatu tu kwa wiki, sasa angeambiwa nini kingine? Muhonja aliona ukweli wote ukiwa wazi pale ukutani, na ukweli wenyewe haukumsaidia. Aliinuka, kisha akasimama.

"Mama Shiku, hii mia mbili uliambiwa na nani?"

"Nililipa mwenyewe, mwaka jana, nikiletewa vitambaa."

Muhonja alimfunga Laban mgongoni, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi, Kweyu wa mkokoteni alisimama kwenye jiko lake kunywa chai, kama kawaida yake kila Jumanne na Ijumaa, mkokoteni ukiwa umejaa vyuma chakavu. Muhonja alikuwa amemwona akipita hivyo miezi mingi, akienda mzito, akirudi akipiga mluzi.

"Shemeji, huko unakouza vyuma si ni karibu na duka la jumla?"

"Ng'ambo ya barabara tu."

"Na ukirudi unabeba nini?"

"Upepo, Mama Laban. Na njaa."

"Ukinibebea pakiti nane za unga, utataka ngapi?"

Kweyu alikuna kidevu. "Mtu mwingine ni mia mbili. Lakini kwa vile narudi tu... sitini. Na mandazi mbili."

Muhonja alizima jiko kabla ya saa yake na kwenda kwa Wangeci akiwa bado na unga mikononi. Wangeci alimsikiliza hadi mwisho, sindano mdomoni, kisha akaitoa.

"Mandazi mbili ni pesa ngapi?"

"Ishirini. Lakini hiyo ni zawadi tu."

"Zawadi gani, na imetoka kwenye sufuria yako? Weka themanini."

Akang'oa pini ya chini ya uzi wa samawati, akaishusha hadi themanini. Akaishusha na ile ya juu kiasi kile kile, uzi ukabaki na mlalo wake. Nyuzi sasa zilikutana kwenye pakiti nne. Wangeci aligusa pale zilipokutana.

"Mwaka mzima nimewarudisha watu kwa Mugo kwa bei ya mkokoteni mmoja," alisema. "Wewe, nane?"

"Elfu moja mia mbili themanini." Muhonja alikuwa ameipiga njiani. "Nabakisha themanini."

"Na Sally?"

"Sally bado ni wa Mugo."

Wakacheka mpaka Laban naye akacheka, asijue kisa.

Jumanne unga ulifika juu ya mkokoteni wa Kweyu, pakiti nane, hakuna iliyopasuka. Jumamosi jioni Muhonja alihesabu mia tano mezani mbele ya Baba Laban. Yeye alizihesabu tena, akamchukua mtoto na kumweka begani. "Basi tukae naye," alisema.

Jumapili baada ya kanisa, Muhonja alimpelekea Wangeci mandazi sita kwenye bakuli. Wangeci alilipokea, akalishika mapajani bila kulifunua.

"Mama Laban, nina ombi. Mimi naona kutoka mlangoni hapa tu, na wewe unatembea ukiangalia. Kila Jumanne, unga wako ukishafika, unipitie. Uniambie bei ulizoona kwa macho yako, na kila ulichotoa njiani, hata kama ni mandazi. Pini tuzihamishe pamoja. Utanifanyia hivyo?"