Mama Aliyetembea Bure

Mama yangu alinenepa wakati wa vita, na watu wakampongeza.

Kule juu, kwenye mlima wetu, alikuwa mwembamba kama sisi wote. Alilima maharagi na viazi, akapanda na kuteremka na mzigo mgongoni, kamba ikimkaza kipajini. Jirani mwenye ng'ombe alitupa maziwa. Kisha watu wenye silaha wakauchukua mlima, nasi tukateremkia Masisi, katika mtaa wa nyumba za mbao zilizobanana, karibu na duka la mzee mmoja, Papa tulivyomwita, aliyetoka pande za Butembo.

Duka lile ndilo lililotulisha. Mashamba yalikuwa hayafikiki tena, na maharagi machache yaliyoshuka yaliisha sokoni kabla hatujaamka. Lakini lori la Papa lilipofanikiwa kutoka Goma na kupita Mubambiro na Sake bila kuporwa, lilileta vitu visivyooza njiani: sukari, mafuta, unga mweupe, makaroni, biskuti. Asubuhi tulikula mandazi na chai tamu. Jioni bugali na mchuzi unaoelea mafuta. Katikati ya hapo Mama alikaa mlangoni, mikono mapajani, kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

"Mama, weye vita haikukufikia," wanawake wa kanisa walimwambia. "Uko nanenepa muzuri!"

Alicheka. Nami nilifurahi. Niliona ule mwili kama jambo moja zuri tulilopata huku chini.

Halafu akaanza kunywa maji mengi. Kidonda kidogo mguuni kikakataa kupona. Nikampeleka kwenye kituo cha afya, na anfirmie, muuguzi kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akampima, akasema ana ugonjwa wa sukari, na presha pia.

"Mama, punguza sukari na mafuta. Kula mboga na maharagi. Kidonda kikipona, utembee kila siku."

"Nitembee niende wapi?" Mama akauliza.

Anfirmie alitazama dirishani, akaandika jina la dawa.

Kidonda kilipofunga, Mama alijaribu. Kila asubuhi alijifunga kitambaa, akavaa viatu vya plastiki, akatembea hadi mwisho wa mtaa, penye bariyeri, kizuizi cha askari, kisha akarudi. Watoto walimfuata wakicheka. Yeye alikaza macho mbele. Asubuhi moja hakurudi. Nilimkuta bariyerini, amekaa juu ya jiwe, askari wawili wamesimama mbele yake.

"Huyu mama anapita hapa kila siku," mmoja akaniambia. "Hana muzigo, hana jembe. Anafika, anatuangalia, anarudia. Nani anamutuma?"

"Anatembea tu, kaka. Ni muganga alimwambia."

"Muntu hatembeake bure," alisema yule askari, tena bila ukali, kama anayenieleza jambo ambalo kila mtu analijua.

Ilinibidi nikimbie kumleta anfirmie. Alieleza habari ya sukari kwenye damu mbele ya bunduki zile, polepole, mpaka wakachoka kumsikiliza wakamwachia Mama. Mama alipofika nyumbani alivua viatu, akavitupa chini ya kitanda.

Nilimwomba Papa wa duka atuletee maharagi. Alikuwa mtu mwema, mnene naye, akihema hata akiwa amekaa.

"Dada, nitaleta. Lakini hayo yanatoka milima yenu wenyewe," akasema. "Mimi niyatafute Goma, niyarudishe huku?"

Aliyaleta mara moja tu, yakaisha siku hiyohiyo. Alinipa magunia matupu ya sukari, nikayajaza udongo, nikapanda lengalenga, mchicha wa kwetu, nyuma ya nyumba. Kuku wa mtaa wakala nusu yake. Iliyobaki nilipika bila mafuta. Mama alitafuna taratibu, akasema inafanana na majani ya sungura, akamaliza sahani. Kesho yake nikamkuta na andazi kwa jirani. Sikumgombeza. Nilikaa karibu naye, nikachoka tu.

Kidonda kilifunguka tena, na mwishowe madaktari walimkata vidole viwili vya mguu. Alipotoka hospitali, padri alikubali atembee ndani ya ua wa kanisa, ambako hakuna wa kumuuliza. Nilimshika mkono, tukazunguka. Wiki iliyofuata mwanamke mmoja aliyempongeza zamani alijiunga nasi, akisema naye ana kiu isiyoisha. Kisha akaja mwingine.

Tulizunguka kanisa polepole, wanawake wazito kutoka milima mbalimbali, tukikanyaga majani yaleyale mpaka kukawa na njia.

"Inatosha leo?" niliuliza.

"Bado kidogo," Mama akasema, akiegemea bega langu.