Maji ya Mgeni, Paa la Dufie

Dufie alianza maisha kwa kubeba zege kichwani kwenye majengo ya watu hapa Kumasi, mpaka akapata kampuni yake na jengo lake la ghorofa nne. Benki ikamkopesha pesa za kufika ghorofa ya tatu tu. Pengo likazibwa na wakopeshaji wa katikati kutoka Accra. Hao hulipwa baada ya benki, kabla ya mwenye mali, ndiyo maana riba yao inauma na rehani yao ni hisa zote za kampuni. Ijumaa mkaguzi wao akikuta paa halijaisha, anakabidhi barua, na kampuni ni yao.

"Umejitia kitanzi," nilimwambia, mimi fundi rangi wake.

"Wewe paka rangi, kaka. Shingo ni yangu."

Mvua ikatuchelewesha siku sita. Ijumaa tulimtarajia mkaguzi jioni. Lakini huyo mkaguzi, Lartey, akaingia saa nne asubuhi, mabati saba bado yako chini. Nilimchukia palepale.

"Nimeleta barua ya..."

"Ebo! Hata maji hujanywa?" Dufie alimkatiza. "Kwenu mgeni anasema shida yake na koo kavu?"

"Mama, nina haraka."

"Haraka utaikuta hapohapo ulipoiacha. Kaa."

Lartey akaona haya, akakaa. Maji yakaletwa. Akanywa. Mjomba Apenteng, mkubwa wa ukoo wa kina Dufie, akamuuliza habari za barabara, kisha akaanza kumpa zetu: mvua, misiba miwili, goti lake la kushoto. Mzee huyo kwa kawaida haongei hata ukimkanyaga! Lartey akifungua mdomo tu, mzee anainua kidole na kurudi kwenye goti; na kwa desturi yetu mgeni hasemi lililomleta mpaka mzee amuulize.

Dufie alikuwa ameshapanda juu, kajifunga kitambaa kiunoni, anapokea mabati kwa mikono yake. Nyundo zililia zaidi ya saa nzima. Zikanyamaza. Akashuka viganja vinavuja damu, akamwashiria mjomba kwa kichwa kuwa tayari.

Mzee akakohoa. "Haya, baba. Sisi hapa kwema. Wewe ndiye mwenye safari. Umekuja na lipi?"

Lartey akatazama paa lote, upande hadi upande. Akaikunja bahasha, akaitia mfukoni.

"Nilipita kuwasalimu tu."

"Basi mwongezeeni maji," alisema Dufie.