Dakika Arobaini za Mheshimiwa

Watu wa Isiolo wakiniona barabarani wananipigia kelele, "Goooo!", vile ninavyopiga kwenye tivii. Nawapungia mkono na kucheka. Lakini sauti hiyo siku hizi inanichoma.

Nimetangaza michezo miaka kumi na miwili katika kituo chetu kidogo. Utangazaji gani, hata! Ni mimi, kamera moja na kadi moja ya kuhifadhi picha. Mchana nashika kamera uwanjani, jioni naingia studio kuweka sauti juu ya picha. Bosi ana sheria moja tu: mgeni wa heshima asikatwe. Mpira ukatwe, magoli yakatwe, lakini mheshimiwa aonekane kuanzia salamu mpaka shukrani.

Kwenye fainali ya wasichana, timu ya Kinna ilicheza na ya Burat. Winga wa Kinna alichukua mpira katikati ya uwanja, akapiga chenga watu watatu kwenye ule mchanga, akafunga kwa mguu wa kushoto. Nilinasa yote. Wallahi, nilipiga kelele kuliko mashabiki.

Mechi ilipokwisha ndipo mheshimiwa akafika, akashika maikrofoni. Kadi ikajaa palepale. Bosi kwenye simu: "Umemnasa?" Nikafuta kipindi cha pili chote, bao likiwemo. Nasingizia bosi mpaka leo, lakini kidole kilikuwa changu.

Wiki iliyofuata baba yake yule winga alikuja studio, mfugaji mrefu, fimbo mkononi, vumbi la Kinna bado kwenye viatu.

"Salaam aleikum. Kocha wa Nairobi anataka mtoto wangu. Mimi nimekataa. Lakini watu kwa soko wanasema hiyo bao si ya kawaida. Nionyeshe. Nikiona na macho yangu, nitamwachilia aende."

Nikaanza kumsimulia kwa sauti yangu ya kazi, chenga moja baada ya nyingine. Akainua mkono.

"Maneno nimesikia kwa soko. Nataka kuona."

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Mwoga mimi! Nikamwekea kile nilichokuwa nacho. Mzee akakaa, akatazama hotuba dakika arobaini bila kuegemea kiti, akimtafuta binti yake nyuma ya bega la mheshimiwa. Binti alionekana mara moja tu, kiwiko na nusu ya jezi.

"Ndio huyu," akasema, akatabasamu. Hotuba ikaisha. "Sasa bao iko wapi?"

"Nilifuta, mzee wangu. Nafasi iliisha."

"Ulifuta mtoto wangu ndio uweke huyu?"

Akaondoka bila kuaga, na msichana hakwenda Nairobi. Bosi, kwa upande wake, alinisifu mbele ya wenzangu kwa picha safi za mheshimiwa. Sifa gani hizo, jamani?

Siku hizi yule msichana anauza maziwa ya ngamia hapa mjini. Siku za mechi hupita uwanjani na madebe yake, anasimama kando ya kamera yangu. Hajawahi kunitukana. Afadhali angenitukana. Anaangalia mpira kidogo, kisha ananiuliza swali lilelile, kwa heshima zote:

"Leo mgeni ni nani?"

Namjibu. Kila mara nalijua jina.