Flashi za Mama na Kadi Mbovu

Mama haamini mambo ya kupiga simu. Yeye anaflashi: simu inalia mara moja, anakata, anangoja umpigie, maana mwenye mshahara ni wewe. Tangu atoke hospitali kule Longisa na dawa za presha, anaflashi kutwa nzima. Nampigia kwake Siongiroi roho mkononi, ananiuliza, "Umekula?" Ama kama mvua imefika Litein. Kwisha.

Asubuhi moja nilikuwa kwangu Litein nikikagua kazi ya mwenzangu wa Nairobi. Tunaandika programu za matangi ya maziwa. Kila tangi lina kadi ya kupima joto. Maziwa yakianza kupata joto, kadi inaipigia kompyuta kengele. Sasa kadi zingine ni mbovu. Zinapiga kengele, kompyuta inaacha shughuli zake, inakimbia kuangalia, inakuta hakuna kitu. Mwenzangu alileta kiraka cha programu: kadi ikisumbua sana, kompyuta iache kabisa kuisikiliza.

Simu ikalia mara moja. Nikaizima sauti, nikailaza kifudifudi mezani. Nilikuwa nimechoka, sitadanganya.

Kiraka kilikuwa safi, lakini kilinikera. Nikamwandikia: "Ukishaacha kuisikiliza, nani ataangalia maziwa?" Akajibu kwamba kadi mbovu haina habari ya maana. Nikamwambia lisemwalo lipo, kama halipo laja. Akasema hiyo si uhandisi. Huyu hajawahi kumweleza jirani kwa nini maziwa yake yamemwagwa. Nikaandika tena, kwa hasira: kibovu ni kengele, tangi bado lina maziwa ya watu. Ukizima kengele, uwe unapita mwenyewe kuangalia, hata kama hujaitwa. Nikakikataa kiraka.

Nilipomaliza kutuma ndipo nikakumbuka simu. Nikaigeuza. Tangu ile ya asubuhi hakukuwa na flashi hata moja, na jua lilikuwa linashuka. Hapo niliogopa kweli. Nikapiga, ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, huku nikimwomba Mungu kwa Kipsigis.

Akashika.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa. Nilikuwa nakamua."

"Mbona hujaflashi tena tangu asubuhi?"

"Nilitaka kuona kama unaweza kunipigia bila kuflashiwa, kijana wangu."

Nikamuuliza kama amekula.