Nipigie, Mama Kisa

Ambwene alipoolewa Makwale, mashoga zake walimtania kwamba amepata mume msemaji. Ni kweli, Lameck alikuwa na maneno. Siku za kupasua kakao alishika panga, mkewe akichomoa mbegu zenye ute mtamu, naye akisimulia utoto wake kwa wajomba huko Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, mpaka Ambwene akasahau mgongo unaouma. Mbegu zilifunikwa majani ya mgomba zivunde, na hadithi haijaisha. Wakazeeka hivyo. Watoto wakakua, wakaondoka.

Kisha Kisa, binti yao aliyeko Mbeya, akamletea baba yake simu janja ili waonane kwa video. Mzee akaonja, kumbe asali! Mipira, mahubiri, ugomvi wa watu asiowajua. Akawa anacheka peke yake. Ukimsemesha, "Ee... haya," macho hayanyanyuki.

Siku moja Ambwene alimwambia, "Baba Kisa, mdogo wangu Anyitike amelazwa Kasumulu."

"Vizuri, vizuri," akajibu, kidole kikiendelea kupandisha picha.

Neno hilo lilimchoma. Hakugomba. Alikwenda kwa jirani yake Hellen, akaazima simu, akarudi akaketi jikoni kwenye kigoda, akapiga. Huko barazani Lameck akapokea mara moja.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Ni yule aliyekuwa akikusikiliza tukipasua kakao."

"Mama Kisa? Uko wapi?"

"Hapa jikoni. Nimeona ndiyo njia ya kukupata."

Ambwene akasikia kiti kikisukumwa. Lameck akatokea mlangoni, simu bado sikioni, uso umemshuka.

"Anyitike anaumwa nini?" akauliza taratibu.

Hapo Ambwene akalia, machozi aliyoyabana muda mrefu.

Kesho yake walikwenda Kasumulu pamoja kumwona mgonjwa. Walipouona mto, Lameck akaanza ile hadithi ya mjomba aliyevuka na mbuzi mabegani. Ambwene aliijua mpaka mwisho. Akamwacha aisimulie yote.

Simu haikutupwa. Zipo jioni inammeza tena, na mkewe humkoholea. Ila kakao ikiiva, simu hubaki chumbani. Ikiita, huita mpaka ikachoka.