Nakala ya Tatu

Zubeda alikuwa amekwisha kata shauri: angemkubali Nassibu, ingawa alimtia kinyaa. Umri wake mwenyewe ulikuwa umefika thelathini na moja, na mama yake, Bi Mwamvita, alikuwa akirudi kutoka kila harusi ya pale Mbagala na kichwa kinamgonga kwa maswali ya watu.

Kinyaa chenyewe kilianzia kwenye kiberiti. Nassibu aliuza redio kaseti za mtumba kutoka Dubai, na manukato alijimwagia mpaka mbuzi wa jirani anapiga chafya. Siku ya kwanza alimpeleka Zubeda kula chipsi kuku. Alijisifu huku anatafuna, makombo yakimrukia mwenzake kwenye ushungi. Kisha akachokoa meno kwa njiti, akainusa, akairudisha ndani ya kiberiti. Zubeda akasukuma sahani yake pembeni. Nassibu akaivuta, akamalizia hadi mifupa, akasema mwanamke asiyekula sana ni neema.

Bi Mwamvita alipohadithiwa hayo alisema mwanamke huzoea. Hata marehemu baba yake Zubeda alikuwa akipenga kamasi kwenye pembe ya shuka. Tena, Nassibu si afadhali kuliko Khalfani wa mwaka juzi, aliyekuja kuchumbia na mama yake, naye mama akamkata kucha za miguu pale pale barazani? Zubeda akakubali kwamba ni afadhali kidogo.

Ijumaa baada ya alasiri akaja mshenga, Mzee Sadallah, na barua ya posa ndani ya kitambaa cheupe. Akapokewa na baba mdogo, Abdulrahman. Wanawake walikaa nyuma ya pazia. Miwani ya baba mdogo ilikuwa imevunjika, kwa hiyo baada ya kuhangaika na maandishi alipenyeza barua paziani, Zubeda ajisomee mwenyewe.

Zubeda alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya Temeke kwa miaka tisa. Hakuhitaji kusoma. Herufi zilikuwa nyeusi, zimefifia, kingo zimevimba. Akapitisha kidole, kikatoka na weusi. Ilikuwa nakala ya kaboni, tena si ya kwanza wala ya pili. Kwenye "binti yenu" paliachwa nafasi, na jina lake limejazwa kwa kalamu.

"Shikamoo, Mzee Sadallah," alisema kutoka nyuma ya pazia. "Leo umepita nyumba ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hii ya tatu. Nimeanzia Mbweni, nikaja Goba." Mzee hakuwa mtu wa kuficha. "Nilidhani mmeambiwa. Bwana harusi kasema atakayejibu mwanzo ndiye huyo huyo."

Bi Mwamvita akamshika binti yake mkono, akamnong'oneza: "Basi tujibu upesi."

Zubeda aliutoa mkono wake mkononi mwa mama. Kisha akaifunga barua ndani ya kitambaa, ambacho nacho kilikuwa na doa la mchuzi, akairudisha kwa baba mdogo.

"Mwambieni ofisini kwetu nakala iliyofifia hatupokei."

Mzee Sadallah alipoondoka, Zubeda alikwenda uani kunawa. Weusi haukutoka. Bi Mwamvita akaja na kopo la maji, amenuna, akammiminia. Alipoona maji yanavyotiririka meusi kwenye vidole vya mwanawe, akaguna.

"Kumbe linachafua hivi, likaratasi lenyewe," alisema, akaenda kuleta sabuni.